Akina O'Connor ni wengi: jinsi ya kuwatofautisha wafalme wa Ireland wenye jina moja la ukoo

Ukikuta mahali pameandikwa kwamba Áed O'Connor alikuwa mfalme wa Connacht, magharibi mwa Ireland, na kwamba aliuawa, bado hujaambiwa kitu. Wafalme wa Connacht walioitwa Áed, wote wa ukoo huo na wote waliouawa, ni angalau wanne: mmoja mwaka 1067, mwingine 1228, mwingine 1233, mwingine 1309. Hapo sijamhesabu Áed mwana wa Fedlimid, aliyetawala kuanzia 1265 hadi 1274.

Mimi niliwahi kujaza kurasa tatu za daftari nikidhani nafuatilia maisha ya mtu mmoja aitwaye Cathal O'Connor. Nilipofika ukurasa wa tatu nikakwama: jamaa ameuawa mwaka 1202, kisha mwaka 1216 anaanzisha abasia, yaani nyumba ya watawa. Nikazichana zile kurasa, nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio huu. Nimeutolea mfano kwa akina O'Connor kwa sababu ndio ninaowafahamu vizuri, lakini ukiwa na akina O'Brien au akina O'Neill mkononi, hatua ni zilezile.

Unachohitaji ni kadi au vipande vya karatasi ngumu, penseli, na kifutio. Kalamu ya wino iache mbali.

Hatua ya 1: Uliza kwanza ni O'Connor wa wapi

Jina Conchobar lilipendwa sana Ireland ya kale. Desturi ya majina ya ukoo ilipoanza kushika mizizi, karne ya 10 na ya 11, familia kadhaa ambazo hazikuwa na babu mmoja wa karibu zilijikuta zote zinaitwa "wajukuu wa Conchobar", yaani O'Connor. Kila moja ilikuwa na Conchobar wake. Ni kama ukutane na akina Hamisi wa Tanga na akina Hamisi wa Mtwara: kila upande ulikuwa na babu aitwaye Hamisi, basi.

Kwa hiyo juu kabisa ya kadi andika mahali. Wapo O'Connor wa Connacht, ambao kitovu chao ni eneo la Roscommon. Hawa ndio waliotoa wafalme wakuu wa Ireland. Wapo wa Offaly, upande wa Leinster, mashariki, ambao Waingereza waliwaita O'Connor Faly. Wapo wa Kerry, kusini-magharibi. Wapo wa Corcomroe, kaskazini mwa Clare, na wapo wengine kule Derry, kaskazini. Koo tano, jina moja.

Mtego mmoja hapa: usidhani kila neno la mahali linaloambatana na jina linakuonyesha ukoo tofauti. O'Connor Sligo si ukoo wa sita. Hao ni tawi la O'Connor wa Connacht, kizazi cha Brian Luignech, mmoja wa watoto wa mfalme Toirdelbach Mór. Ukishaandika "Sligo" kwenye kadi, andika chini yake "Connacht".

Na kama Conchobar unayemsoma ni yule Conchobar mac Nessa wa Ulster wa kwenye hadithi za mashujaa, weka kadi chini. Huyo si O'Connor wa aina yoyote.

Hatua ya 2: Livunje jina vipande vipande

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko wengi. Jina la Kiairishi la zama za kati limejengwa kama jina la mtu wa pwani: fulani bin fulani bin fulani. Neno *mac* ni "mwana wa", yaani *bin*. Neno *ua*, ambalo baadaye liliandikwa *Ó*, ni "mjukuu wa", kisha likapanuka kuwa "mzao wa". Ile alama iliyokaa juu katika O'Connor ni mazoea ya uandishi wa Kiingereza tu. Kwa Kiairishi cha leo ni Ó Conchobhair, kwa Kiairishi cha zamani ni Ua Conchobair.

Twende taratibu tuone jina la ukoo lilivyozaliwa. Mfalme Conchobar mac Taidg wa Connacht alikufa mwaka 973. Mwanawe Cathal, aliyetawala hadi 1010, alikuwa *mac Conchobair*, mwana wa Conchobar. Mwana wa Cathal, Tadg, aliyeuawa mwaka 1030, alikuwa mjukuu wa Conchobar kwelikweli, kwa hesabu ya vidole. Kisha akaja mwana wa Tadg, Áed, yule wa 1067. Huyu ni kitukuu. Angefuata maana ya neno, asingejiita "mjukuu wa Conchobar". Lakini vitabu vinamwita hivyohivyo, Ua Conchobair. Hapo neno limeacha kuhesabu vizazi, limekuwa jina la ukoo.

Faida yake kwako ni hii: ukikutana na mfalme wa Connacht wa karne ya 8 au ya 9 ambaye mwandishi fulani amemwita O'Connor, ujue mwandishi ametangulia mbele ya historia. Wazee wa ukoo huo walikuwepo, waliitwa Síl Muiredaig, uzao wa Muiredach aliyekufa 702, lakini jina O'Connor lilikuwa bado.

Kuna na *Uí*, wingi wa *ua*. Hili linawasumbua sana wanaosoma habari za O'Neill. Uí Néill ni kundi kubwa la koo za kifalme lililojiita kwa jina la Niall wa kale sana. Ó Néill ni ukoo mmoja tu, ulioshika jina la Niall Glúndub aliyefariki vitani mwaka 919. Wa pili wametoka ndani ya wa kwanza, ila si kila Uí Néill ni O'Neill.

Hatua ya 3: Usidanganywe na mkia wa jina

Kiairishi hubadilisha mwisho wa jina linapofuata "mwana wa". Cathal akiwa baba anakuwa *Cathail*. Conchobar anakuwa *Conchobair*. Tadg anakuwa *Taidg*, Áed anakuwa *Áeda*, Toirdelbach anakuwa *Toirdelbaig*. Hao si watu wapya. Ni walewale, wamevaa kiambishi.

Chukua mfano huu mmoja: *Áed mac Cathail Chrobdeirg Uí Chonchobair*. Soma kutoka kushoto. Áed ndiye mwenyewe. *Mac Cathail*: mwana wa Cathal. *Chrobdeirg*: hiyo ni lakabu ya baba, Crobderg, "Mkono Mwekundu", nayo imebadilika mwanzo na mwisho kwa sababu imemfuata Cathail. *Uí Chonchobair*: wa ukoo wa O'Connor; hapa *Uí* si wingi, ni *ua* iliyobadilika kama majina yaliyoitangulia. Lakabu ya Mkono Mwekundu haimhusu Áed hata kidogo, ingawa nimeona watu wakimvika. Kanuni: lakabu ni ya jina lililoitangulia papo hapo.

Hatua ya 4: Mtu mmoja, tahajia tatu

Upande wa pili wa kadi andika sura zote za jina. Huyo Áed utamkuta pia kama Aodh katika maandishi ya baadaye, na waandishi wa Kiingereza wakamgeuza Hugh, ingawa majina hayo mawili hayana asili moja. Toirdelbach ni Toirdhealbhach, ni Turlough, na wakati mwingine eti Terence. Ruaidrí ni Rory, ni Roderic. Fedlimid ni Felim. Cathal wakamfanya Charles. Conchobar ni Conor, na kwa waliopenda Kilatini, Cornelius. Tadg ndiye aliyeonewa zaidi: wapo waliomwita Thaddeus na wapo waliomwita Timothy.

Matamshi yasikutishe. Tadg ya zamani ina *dh* ya dhahabu na *gh* ya ghali zimebanana mwishoni, sauti ambazo wewe unazo tayari mdomoni. Áed ni kama "Aidh". Cathal leo hutamkwa karibu na "Kahal".

Hatua ya 5: Mwaka wa kufa ndio kitambulisho

Habari zetu nyingi zinatoka kwenye kumbukumbu za mwaka kwa mwaka, zilizoandikwa kwanza na watawa, baadaye na koo za wanahistoria waliorithishana kazi hiyo. Watu hawa hawakujali sana mtu amezaliwa lini. Nani angejua kama kichanga kile kitakuwa mfalme? Walichoandika bila kukosa ni kifo: nani kafa, nani kamuua, wapi. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mwaka wa kuzaliwa. Tafuta wa kufa, uuandike kwa herufi kubwa kwenye kona ya kadi. Jina la kwanza, jina la baba na mwaka wa kufa: ukiwa na hayo matatu, mtu wako hachanganyiki tena.

Chuo Kikuu cha Cork kimeweka kumbukumbu hizo kwenye intaneti bure, nyingi zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Kwa akina O'Connor anza na kumbukumbu za Connacht, zinazoanzia 1224 hadi 1544, na za Loch Cé, zinazoanzia 1014. Zile maarufu zaidi, za Mabwana Wanne, zitumie kwa hadhari. Zilikusanywa kati ya 1632 na 1636 kutoka vitabu vya zamani zaidi, kazi kubwa na ya heshima, ila miaka yake mara kwa mara inapishana na ya wengine. Kadi moja ikisema 1198 na nyingine 1199, usikimbilie kutengeneza watu wawili. Linganisha jina la baba kwanza.

Hatua ya 6: Chora kwa upana, usichore kwa urefu

Mtu aliyezoea wafalme wa Uingereza huchora mstari unaoshuka: baba, mwana, mjukuu. Ukifanya hivyo Connacht, utapotea kabla ya chai kupoa. Kiti hakikuwa cha mtoto wa kwanza. Mwanamume yeyote wa nyumba ya kifalme mwenye nguvu, wafuasi na bahati aliweza kukidai: ndugu, binamu, mpwa wa upande wa kiume, hata ndugu wa babu. Ndiyo maana majina yanarudiana kwa kasi ile. Kila tawi lilikuwa na Áed wake, Cathal wake na Toirdelbach wake, wote wakisubiri.

Anza na mtu mmoja katikati ya ukurasa: Toirdelbach Mór, aliyezaliwa 1088, akawa mfalme wa Connacht mwaka 1106 akiwa kijana wa miaka kama 18, akafa 1156. *Mór* ni "mkubwa", na kwake neno hilo halikuwa la kumpamba. Alijenga madaraja juu ya mto Shannon na ngome, akaendesha vita kwa mashua mtoni. Msalaba wa Cong, uliotengenezwa mwaka 1123 kubeba kipande kilichoaminika kuwa cha msalaba wa Yesu, unakaa leo katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin, na maandishi yaliyochongwa ubavuni mwake yanaomba watu wamwombee Toirdelbach "mfalme wa Ireland", pamoja na maaskofu na fundi aliyeutengeneza. Hebu tazama: jina limeandikwa na mtu wa zama zake mwenyewe, si na mnakili wa miaka 500 baadaye. Ushahidi wa namna hiyo ukiupata, uupigie mstari.

Alizaa watoto zaidi ya 20 na wake kadhaa. Hapo ndipo penye chanzo cha tabu yako yote. Chora wanawe kwa mstari wa mlalo, kila mmoja na tawi lake: Ruaidrí, Cathal Crobderg, Brian Luignech, Brian Breifnech na wengine. Ndiyo, Brian wawili, baba mmoja. Hutawatenganisha bila lakabu, na lakabu zenyewe ni za mahali: Luignech ni wa Luigne, kule Sligo, na Breifnech ni wa Breifne, upande wa mashariki. Huyu wa pili ndugu yake Ruaidrí alimpofusha mwaka 1156, mwaka uleule baba yao alipofariki. Kumpofusha mtu kulikuwa njia ya kumwondoa katika kinyang'anyiro bila kumwaga damu yake yote. Babu yao naye, Ruaidrí wa lakabu ya "mbwa jike wa njano", alipofushwa mwaka 1092 na akaishi hivyo hadi 1118.

Kwa hiyo ukiona neno *Dall*, "kipofu", kwenye jina la mwanamfalme, usiwaze ugonjwa wa macho.

Hatua ya 7: Akitajwa "mfalme mkuu", chagua kati ya wawili

Hii ni hatua fupi. O'Connor waliokuwa wafalme wakuu wa Ireland ni wawili tu, baba na mwana. Tukio likiwa kabla ya kifo cha 1156, ni Toirdelbach. Likiwa 1166 au baada ya hapo, ni Ruaidrí. Katikati kuna miaka kumi ya Muirchertach Mac Lochlainn wa kaskazini, ambaye si wetu. Waandishi wa zamani wenyewe walikuwa na msemo wa wafalme wa namna hii, "mfalme mwenye upinzani", kwa kuwa hakuna aliyeshika kisiwa kizima bila mtu wa kumpinga.

Ruaidrí ndiye aliyekuwa kwenye kiti Wanormani, wavamizi kutoka ng'ambo, walipoingia 1169. Mwaka 1175 alikubaliana na Henry wa Pili wa Uingereza, mapatano ya Windsor, ambayo ndani yake anatajwa kuwa mfalme wa Connacht. Baadaye mwanawe Conchobar Maenmaige alimwondoa, na mzee akamalizia siku zake kwenye abasia ya Cong, akafa 1198. Akazikwa Clonmacnoise.

Hatua ya 8: Jipime kwa mitego miwili

Mtego wa kwanza ni ule ulionitia mimi matope: Cathal wawili.

Cathal Crobderg, Mkono Mwekundu, alikuwa mwana wa Toirdelbach Mór. Ndiye aliyeanzisha abasia ya Knockmoy na ya Ballintubber, hii ya pili mwaka 1216, na alifariki Knockmoy mwaka 1224. Cathal Carrach, "mwenye ukurutu", alikuwa mwana wa Conchobar Maenmaige, yaani mjukuu wa Ruaidrí. Weka kadi zao mezani utaona Crobderg ni ndugu wa babu yake Carrach. Kwa desturi zetu angemwita babu. Walipigania kiti hicho kimoja kwa miaka zaidi ya kumi, kila mmoja akileta Wanormani wa kumsaidia, mpaka Carrach alipouawa mwaka 1202. Kitabu kinachoandika "Cathal O'Connor alimfukuza Cathal O'Connor" hakijakosea. Kimekuwa kivivu tu.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu mwaka ni uleule. Tengeneza kadi hizi mbili:

Áed. Baba: Cathal Crobderg. Babu: Toirdelbach Mór. Amekufa: 1228.

Áed. Baba: Ruaidrí. Babu: Toirdelbach Mór. Amekufa: 1233.

Ni mabinamu, babu mmoja, jina moja, na wa pili alishika ufalme mwaka uleule wa 1228 wa kwanza alipokufa. Mtu akisoma haraka ataona Áed mmoja aliyetawala moja kwa moja kutoka 1224 hadi 1233. Kinachowatenganisha ni jina la baba peke yake. Kitu kingine cha kukusaidia kukumbuka ni kifo cha yule wa kwanza: kumbukumbu zinasema aliuawa kwa pigo moja la shoka la seremala, kwenye makao ya Geoffrey de Marisco, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, wakati mke wa seremala huyo akimwogesha. Wivu, au kazi ya kutumwa? Wewe andika "seremala" kwenye kadi, inatosha. Yule wa pili aliuawa na Fedlimid, ndugu wa huyo wa seremala, ambaye naye ndiye aliyelala Roscommon, kwenye kanisa la watawa Wadominiko aliloanzisha 1253. Alikufa 1265.

Ukifika kwenye magofu ya Roscommon, angalizo dogo: sanamu ya mfalme aliyelala juu ya kaburi ni ya zama zake au karibu nazo, lakini wale askari wenye kofia za chuma waliochongwa ubavuni ni wa karne ya 15. Wamewekwa pamoja baadaye. Picha ya kaburi hilo hutumiwa sana kueleza walinzi wa Fedlimid, jambo ambalo halikubaliani na miaka. Askari wa kukodi kutoka visiwa vya Scotland waliingia Connacht kwa wingi na mwanawe, Áed, aliyeoa mwaka 1259 binti wa Dubhghall mac Ruaidhrí wa visiwa hivyo na kupewa pamoja naye wapiganaji 160.

Hatua ya 9: Mke si O'Connor, binti ni O'Connor

Mwanamke wa Kiairishi wa zama hizo hakuchukua jina la mume. Alibaki na la baba yake, na badala ya *Ó* anatumia *Ní*. Kwa hiyo katika kadi za wanawake, andika ukoo wa baba juu na wa mume chini.

Mfano mzuri uko Offaly, si Connacht. Mairgréag Ní Chearbhaill, binti wa ukoo wa O'Carroll, aliolewa na An Calbhach O'Connor wa Offaly. Mwaka 1433 aliandaa karamu mbili kubwa kwa washairi, wanasheria, wanamuziki na watu wa elimu; orodha ya waalikwa ilifikia watu 2,700. Alikwenda kuhiji Santiago de Compostela, akafa mwaka 1451. Ukimtafuta kwenye O'Connor humpati, yuko kwenye O'Carroll. Binti yake Fionnghuala, aliyefariki 1493, ndiye Ní Chonchobhair, ingawa aliolewa kwanza kwa O'Donnell kisha kwa O'Neill. Kwa hiyo mama na binti, nyumba moja, wanakaa kwenye visanduku viwili tofauti vya kadi zako. Acha hivyohivyo, chora mshale kati yao.

Hatua ya 10: Baada ya 1384, ongeza rangi

Mwaka huo Ruaidrí O'Connor, mfalme wa Connacht, alifariki kwa tauni, na watu wa Connacht wakagawanyika. Kila upande ukasimika mfalme wake. Na kwa kuwa historia haina huruma kwa anayeandika kadi, wote wawili waliitwa Toirdhealbhach, na baba ya kila mmoja aliitwa Áed. Hapa hata ile kanuni yangu ya jina la baba inakufa. Inabidi uende hadi kwa babu, au utumie rangi: mmoja alikuwa *Donn*, "wa kahawia", mwingine *Ruadh*, "mwekundu". Matawi yao yakawa O'Conor Don na O'Conor Roe. Jina Don hapo halina uhusiano na heshima ya Kihispania, kama wengine wanavyodhani. Tawi hilo huandika n moja, O'Conor, nayo ni alama ndogo inayosaidia ukiwa unapekua nyaraka za karne ya 18.

Jiwe lililohusishwa na kusimikwa kwa wafalme hawa, kwenye kilima cha Carnfree karibu na Tulsk, sasa liko mbele ya nyumba ya Clonalis, Castlerea, nyumba ya O'Conor Don.

Hatua ya 11: Wenye jina hilo waliokuja baadaye, wape sanduku lao

Charles O'Conor wa Belanagare, aliyezaliwa 1710 na kufariki 1791, mwanahistoria aliyekusanya maandiko ya Kiairishi na kutetea haki za Wakatoliki, nasaba yake kwa tawi la Don inajulikana. Kadi yake unaweza kuiunganisha na wafalme kwa mstari kamili.

Feargus O'Connor, kiongozi wa vuguvugu la Wachatisti Uingereza, aliyefariki 1855, ni habari nyingine. Baba yake, Roger, alizaliwa Conner, katika familia ya Cork, akaibadilisha tahajia kuwa O'Connor na kujinadi kuwa mzao wa mfalme mkuu wa mwisho. Feargus akaendelea na majigambo hayo jukwaani. Mstari wa nukta nukta, tena kwa penseli nyepesi.

Na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1981, alizaliwa Day. O'Connor ni la mumewe. Kadi yake irudishe kwenye D.